Tovuti ya chama chetu haina kufuli, na aliyeitengeneza ni shemeji yangu

Barua ya msomaji

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Nimeolewa, nina watoto wawili. Naomba usitaje jina langu wala la chama, maana wanaohusika wakisoma watajitambua.

Chama chetu kina wanachama zaidi ya 400: walimu, mama wa sokoni, mafundi, wastaafu. Tulipotaka tovuti ili mtu aangalie salio la akiba na kuomba mkopo bila kupanga foleni, mimi ndiye niliyempendekeza mdogo wa mume wangu. Alikuwa ametoka chuo, hana kazi, na alitutengenezea kwa bei ambayo fundi mwingine asingeikubali. Bodi iliipokea kazi yake kwa furaha. Mwanachama anaingia kwa namba ya uanachama na nywila, anaona akiba yake, deni lake na watu aliowadhamini.

Tangu mwanzo, ukiifungua tovuti hiyo kwenye Chrome, pale juu kwenye anwani panaandikwa "Si salama". Nilimuuliza shemeji. Akanijibu kwamba hayo ni maneno ya Google ya kutisha watu, na kwamba pesa hazipiti pale, zinapita kwenye simu na benki, kwa hiyo hata mtu akichungulia ataona salio tu. Nikaridhika.

Kinachoninyima usingizi sasa ni kingine. Mama mmoja muuza vitenge alikuja ofisini amesahau nywila. Nikamwelekeza abonyeze "Nimesahau nywila", na barua pepe ikaingia palepale: "Nywila yako ni", ikifuatiwa na nywila yenyewe, herufi kwa herufi, jina la mtoto wake na mwaka aliozaliwa. Nilirudi mezani nikafungua ukurasa wangu wa msimamizi, nikausoma vizuri kwa mara ya kwanza. Kuna jedwali: namba, jina, simu, barua pepe, nywila. Zote zinasomeka. Ya mwenyekiti nimeiona, ya mume wangu nimeiona. Wengi wameweka namba zao za simu, wengine 123456. Yangu nayo ipo, na ndiyo ninayofungulia barua pepe, Facebook na kompyuta ya ofisini.

Pale ofisini tuna waifai ya wanachama wanaosubiri huduma, na nywila yake tumeibandika ukutani. Wengi hufungua akaunti zao hapohapo kwenye benchi.

Kuna pia mwanachama ambaye Facebook yake ilivamiwa, mtu akawa anawaomba marafiki zake pesa kwa jina lake. Alisema kwa utani, "Isije ikawa ni ninyi." Mimi sikucheka, maana nywila aliyoweka kwetu na ya Facebook zilikuwa moja. Aliniambia mwenyewe.

Mume wangu anataka yaishe nyumbani, nisimwaibishe mdogo wake mbele ya bodi, hasa sasa anapotafuta kazi nyingine kwa kuonyesha tovuti yetu kama mfano. Mama mkwe ameshasikia kwamba namtafutia mwanawe makosa. Nilimgusia mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye namheshimu sana, akasema wanachama wakisikia neno "si salama" watakuja kutoa akiba zao kwa pamoja, kwa hiyo tusubiri mkutano mkuu upite. Kijana wa duka la kompyuta la jirani anasema dawa ni moja: akae ofisini na kompyuta yake, anase nywila zinazopita kwenye waifai, halafu siku ya mkutano tuzionyeshe ukutani watu waamini. Wazo hilo linanivuta.

Niseme au ninyamaze? Nianze na nani? Na je, niwaambie wanachama wabadilishe nywila leo hii, hata kabla ya lolote kurekebishwa?

Msoma Jedwali, Morogoro

Jibu la mshauri

Marahaba, mwanangu, na pole. Umejikuta umeshika siri za watu zaidi ya 400 bila kuziomba, na kila unayemgeukia ana sababu ya kukutaka unyamaze. Hofu yako ina msingi, na wala hujakuza jambo.

Nilivyoisoma barua yako, mambo matatu yamefungwa pamoja. La kwanza ni namna nywila inavyosafiri kutoka simu ya mwanachama hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti. La pili ni namna inavyotunzwa ikishafika. La tatu ni heshima: ya shemeji, ya mwenyekiti, ya chama. Mnapoongea nyumbani mnalijadili la tatu peke yake, na ndiyo maana mazungumzo yanageuka lawama. Tuyatenganishe.

Shemeji anasema pesa hazipiti pale, na ni kweli. Lakini nywila inapita. Tovuti inayotumia http, kama yenu, yaani njia ya mawasiliano isiyofunga ujumbe, huituma fomu kama ilivyojazwa. Yule mama wa vitenge akibonyeza "Ingia", kinachoondoka kwenye simu yake ni mstari wa maandishi kama huu:

namba=0217&nywila=Neema2014

Hiyo ni barua isiyo na bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Kila anayeishika njiani anaweza kuisoma, na mpokeaji hatajua kama imesomwa. Njiani kuna kifaa chenu cha waifai na yeyote anayekimiliki au aliyekiingilia, kuna kampuni ya intaneti, kuna mitambo mingine hadi kwenye seva. Kwenye benchi lenu kuna na la ziada. Nywila ya waifai iliyobandikwa ukutani haiwakingi wanachama wao kwa wao. Katika waifai ya kawaida yenye ulinzi wa aina ya WPA2, mtu anayeijua nywila ile, akinasa mawasiliano ya kwanza pale simu ya mwenzake inapojiunga, anaweza kufumbua kila kitu ambacho simu hiyo inatuma baadaye. Https, yaani http yenye kufuli, ndiyo kinga inayobaki, kwa sababu ujumbe unafungwa ndani ya simu yenyewe na kufunguliwa kwenye seva, na huko katikati hausomeki.

Kuhusu onyo la Chrome, Google ilianza Januari 2017 kuweka alama hiyo kwenye kurasa za http zinazoomba nywila, kisha Julai 2018 ikaiweka kwenye kurasa zote za http. Kulikuwa na sababu. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa programu ndogo ya kuongezea kwenye Firefox, iliyoitwa Firesheep. Mtu aliyekaa kwenye waifai ya wazi aliona majina na picha za watu walio karibu naye, akibofya jina anaingia kwenye akaunti ya mwenzake bila hata kuijua nywila. Programu ilikuwa inanasa kuki, ule utambulisho ambao tovuti hukupa ukishaingia ili isikuulize nywila kila ukurasa. Facebook ilileta https ya hiari Januari 2011, ikaifanya ya wote mwaka 2013. Hilo linawahusu moja kwa moja: shemeji akikubali kuufunga ukurasa wa kuingilia peke yake, kurasa za salio zikabaki na http, kuki za wanachama zitaendelea kupita wazi.

Ila mimi lile jedwali linanitisha zaidi kuliko njia. Kwenye njia, mwizi ananasa mmoja mmoja, tena awe karibu. Jedwali linachukuliwa lote kwa mara moja, na kuweka https hakuligusi hata kidogo. Desemba 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa wazi kama zenu, na iliyotumiwa na watu wengi kuliko zote ilikuwa 123456. Orodha ile inatumika mpaka leo kubashiria nywila za watu wengine. Anayeiba jedwali lenu hatahangaika na salio la mtu. Atachukua barua pepe na nywila iliyo kando yake, ajaribu kuingia kwenye barua pepe hiyo. Akifanikiwa, kila huduma nyingine anaiomba ibadilishe nywila na kiungo kinamjia yeye.

Hapa naomba tuangalie upya mambo machache uliyoyachukua kama yalivyo.

Umeichukua Facebook ya yule mwanachama kama mzigo wako. Inawezekana ilitoka kwenu. Inawezekana pia aliandika nywila kwenye ukurasa wa uongo aliotumiwa, au ilivuja kwingine miaka iliyopita. Anaweza kuiangalia barua pepe yake kwenye Have I Been Pwned, tovuti ambayo Troy Hunt aliianzisha mwaka 2013, inayoonyesha kama barua pepe imo kwenye mivujo inayojulikana. Ikionekana humo, bado haithibitishi kwamba hamhusiki. Isipoonekana, haithibitishi kwamba mnahusika. Kwa hiyo usijitangaze mkosaji, na usimwambie kwamba chama hakina uhusiano wowote na yaliyompata. Kumbukumbu za seva, zile zinazoonyesha nani aliingia kwenye ukurasa wa msimamizi, saa ngapi na kutoka anwani gani ya mtandao, zinaweza kusaidia kidogo. Mwombe shemeji azihifadhi kabla hajagusa kingine, maana seva nyingi hufuta za zamani zenyewe.

Umechukulia pia kwamba kumwambia shemeji ni kumwaibisha. Sijui kama ni lazima iwe hivyo. Zamani cheti cha https, ule uthibitisho wa tovuti unaoiwezesha kufunga mawasiliano, kilikuwa cha kununua kila mwaka, na mafundi wengi walifundishwa na watu wa wakati huo. Tangu Desemba 2015 huduma iitwayo Let's Encrypt inatoa vyeti bure kwa umma. Jedwali ni zito zaidi kulitetea, kwa kuwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, kama ndiyo aliyotumia, imekuwa na password_hash, amri ya kuigeuza nywila isisomeke tena, ndani yake tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013. Lakini muulize kwanza: aliuandika mfumo mwenyewe, au alinunua uliokwisha tengenezwa akaubadilisha rangi na nembo? Anayeonyesha tovuti hii kwa wateja wapya ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kutaka irekebishwe kabla hao wateja hawajaona "Si salama" wenyewe.

Na umechukulia kwamba kuwaambia wanachama wabadilishe nywila leo ni msaada. Hapa nenda polepole. Wakiibadilisha kabla ya https, nywila mpya itapita njia ileile iliyo wazi na kuingia kwenye jedwali lilelile linalosomeka. Mtu atakuwa amekabidhi siri ya pili. Mpangilio unaofaa ni njia kwanza, halafu jedwali, halafu nywila. Kinachoweza kufanyika leo, na hakina madhara, ni mwanachama kwenda kwenye barua pepe yake, Facebook na kwingineko, abadilishe huko kama alitumia nywila ya chama.

Anza na wewe mwenyewe, leo, kwa bando la simu yako badala ya waifai ya ofisini. Barua pepe itangulie, kwa kuwa ndiyo inayofungua vingine vyote. Weka nywila mpya, washa uthibitishaji wa hatua mbili, angalia kama namba ya simu na barua pepe ya akiba ni zako, kisha ondoa vifaa usivyovitambua. Kompyuta ya ofisini na Facebook zifuate. Ukurasa wako wa msimamizi wa chama usubiri https. Nywila ndefu inayokumbukika unaipata kwa kuchagua maneno matano kwa bahati nasibu: fungua kamusi macho yakiwa yamefumba, weka kidole, andika neno lililokutwa. Usichague yale yanayokupendeza, maana yanayokupendeza yanabashirika. Hiyo iwe ya programu ya kutunza nywila, Bitwarden kwa mfano, na nyingine zote ziache programu izitunge yenyewe. Kama programu hujaizoea, daftari ndani ya droo yenye kufuli nyumbani ni bora mara nyingi kuliko nywila moja kila mahali.

Nakuja kwa kijana wa duka la kompyuta. Najua kwa nini wazo lake linakuvuta: umechoka kutoaminiwa. Lakini kunasa mawasiliano ya watu bila ruhusa yao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na nia njema haitawasaidia sana nywila za wanachama zikishaonekana ukutani. Hata asipozionyesha, atakuwa anazo kwenye kompyuta yake. Akitaka kukuonyesha kwa kitufe cha F12, kinachofungua zana za mafundi ndani ya kivinjari, ujue kwamba hiyo nayo si ushahidi: kivinjari kinaonyesha nywila kabla haijafungwa, hivyo utaiona inasomeka hata kwenye tovuti ya benki yenye https kamili. Mtu anayejua akiwa mkutanoni ataisambaratisha hoja yako kwa dakika moja.

Ushahidi mzuri tayari unao na hauhitaji kifaa chochote. Bonyeza "Nimesahau nywila" kwa akaunti yako mwenyewe mbele ya mwenyekiti. Mfumo unaotunza nywila inavyotakiwa hauwezi kukurudishia nywila yako, kwa sababu wenyewe hauijui. Ukikurudishia, mzee ataelewa bila somo la kompyuta. Kwa upande wa njia, andika anwani ya tovuti ukianza na https:// uone. Ikifunguka sawasawa, cheti kipo na kilichokosekana ni kuwaelekeza watu huko. Likija onyo kwamba muunganisho si wa faragha, huenda cheti kimeisha muda, au ni cha jina jingine, au saa ya simu yako si sahihi. Isipofunguka kabisa, huenda hakuna cheti, au mlango namba 443 wa seva, unaopitisha https, umefungwa.

Ukikaa na shemeji, nenda na kazi iliyoandikwa kwenye karatasi, maana neno "umekosea" halina hatua ya pili. Kwenye seva nyingi zenye cPanel, programu ya kuisimamia seva, kuna sehemu ya hali ya SSL/TLS, yaani ya vyeti vya https, na ndani yake kitufe cha AutoSSL huweka cheti kwa dakika chache. Kinachokula muda ni kuelekeza kila anayekuja kwa http aende https, kutafuta picha na faili ambazo bado zinaitwa kwa http ndani ya kurasa, na kuweka kwenye kuki alama za Secure, ili zisipite kwa http, na HttpOnly, ili hati za ukurasa zisizisome. Vyeti vya Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90, kwa hiyo kujihuisha chenyewe kujaribiwe siku ileile, la sivyo wanachama wataamka siku moja wakute onyo jekundu. Amri ya HSTS, inayokiambia kivinjari kisirudi tena http, ianze na muda mfupi, sekunde 300, na kupandishwa hadi 31536000, yaani mwaka, baada ya kila kitu kutulia. Ukianza na mwaka mzima na cheti kikaleta shida, watu watafungiwa nje. Wastaafu wenye simu za zamani pia wakumbukwe: Android iliyo chini ya toleo la 7.1.1 haikitambui cheti mama cha Let's Encrypt cha sasa na itawaonyesha onyo. Hao wahudumiwe dirishani, au chama kitafute cheti cha mtoaji mwingine.

Jedwali linabadilishwa kwa kupitisha kila nywila kwenye password_hash mara moja, na ile safu ya maandishi wazi kufutwa. Kuna kosa dogo hapa linaloangusha watu: matokeo ya bcrypt, njia ambayo password_hash huitumia kwa kawaida, yana herufi 60. Kama safu ya jedwali ilipangwa kwa herufi 50, mwisho unaweza kukatwa na hakuna mwanachama hata mmoja atakayeweza kuingia. Safu iwe 255. Baadaye ziwindwe nakala: chelezo za kila wiki kwenye seva, faili za Excel zilizopakuliwa, flashi, na kama orodha iliwahi kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la bodi. Jedwali jipya salama lenye chelezo la zamani pembeni bado ni jedwali lililo wazi.

Kwa nywila mpya, wenye barua pepe wapewe kiungo cha kutumika mara moja kinachoisha baada ya nusu saa. Wasio nayo waje dirishani na kitambulisho. Msiwape wote nywila moja ya muda, kwa kuwa ndani ya siku moja kila mwanachama ataweza kuingia kwenye akaunti ya jirani yake.

Sasa mwenyekiti. Hofu ya watu kutoa akiba kwa pamoja si ya kupuuza, na mzee anailinda taasisi aliyoijenga. Naona njia kadhaa mbele yake, na kila moja ina gharama. Mnaweza kusubiri mkutano mkuu. Gharama yake ni kwamba benchi lenu linaendelea kutoa nywila kila siku, na likitokea la kutokea itajulikana kwamba bodi iliambiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakitaka chama kinachokusanya taarifa za watu kizilinde, na kuna Tume inayosimamia hilo. Mwanasheria wenu aulizwe mapema kama hali hii ni ya kutolewa taarifa, ili msikisie. Mnaweza kurekebisha kimyakimya bila kumwambia mtu. Hapo tovuti itapona, ila mama wa vitenge ataendelea kutumia jina la mwanawe kwenye barua pepe kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Au mnaweza kuufunga ukurasa wa kuingilia kwa siku chache, salio litolewe dirishani, kazi ifanyike, kisha watu waambiwe kilichotokea pamoja na kilichokwisha rekebishwa. Wataguna, na foleni itarudi kwa muda. Lakini mtu anayeambiwa "tumeona, tumeziba, fanya hivi" hana haraka ya kutoa akiba kama anayesikia fununu kutoka duka la kompyuta. Na kijana yule anajua tayari.

Mkifika kwenye ujumbe, pimeni maneno. "Tumeboresha ulinzi wa tovuti" linapendeza, ila halimpi mtu sababu ya kwenda kubadilisha nywila yake ya Facebook. Ujumbe kama huu unaingia kwenye SMS moja:

Nywila za tovuti ya chama hazikulindwa vizuri. Ya zamani imefutwa. Njoo ofisini na kitambulisho upate mpya. Uliitumia kwingine? Ibadilishe huko leo.

Hakuna kiungo ndani yake, na ni makusudi. Matapeli wakisikia habari hii watatuma SMS zao zenye viungo, na wanachama wajue kwamba ya chama haina. Waambieni pia kwamba kufuli au https inathibitisha tu kuwa mazungumzo na tovuti hiyo yamefungwa. Tapeli naye anaweza kupata cheti cha bure kwa anwani inayofanana na yenu. Jina lililo kwenye anwani lisomwe herufi kwa herufi.

Uanze na nani, sitakuchagulia, wewe ndiye unayewajua. Ukianza na shemeji, unampa nafasi ya kuingia kwenye kikao cha bodi akiwa na suluhisho mkononi, na mume wako atakuwa amesikilizwa. Hatari yake ni kwamba wiki zinapita, "nitaangalia" nyingi, na wewe unazidi kuwa mtu aliyejua. Huenda mkakubaliana tarehe, ya karibu, kwamba ikipita unampelekea mwenyekiti karatasi ileile. Ukianza na mwenyekiti, unajilinda wewe kama mtumishi wa chama, na nyumbani itakugharimu. Mweleze mumeo kabla, asije akasikia kwa mama yake. Kwa vyovyote, uliyoyaona yaandike kwa tarehe na umpe mwenyekiti nakala, bila kuweka nywila ya mtu yeyote ndani ya maandishi hayo. Na usiichapishe ile orodha, usiipige picha, hata kwa ajili ya ushahidi.

Kuna moja linaloweza kufanyika kabla ya kikao chochote, bila kumgusa mtu: mwombe shemeji aiondoe safu ya nywila kwenye ukurasa wako wa msimamizi na azime ile barua pepe inayorudisha nywila. Kwenye seva bado zitakuwepo, lakini hazitasomeka tena mezani kwako kwa kila anayepita nyuma ya kiti chako, wala hazitatumwa tena. Akikuambia hawezi kwa sababu mfumo ni wa kununua, tuandikie utuambie ni upi na toleo gani, kwa kuwa kwenye mifumo ya aina hiyo hatua za kubadilisha jedwali huwa tofauti kidogo, na tutakuelekeza.